Je, Nyota Njema Lazima Ionekane Asubuhi?



Juma hili napenda tulitazame pamoja jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya, mara nyingi bila kufahamu kwamba analifanya, nalo ni kumhukumu mtu aliyeanza kazi. Mwalimu mpya akifika shuleni, muuguzi mpya akipangiwa zahanati yetu, bibi arusi akiingia katika ukoo, padre mpya akishuka katika basi na sanduku lake, sisi wenyeji tunakuwa tumekwisha kutoa hukumu kabla mwezi haujaandama mara ya pili. Tunayo hata methali ya kutuunga mkono, kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Ni methali yenye hekima, na wala sina nia ya kuitupa. Nauliza tu kama ni kweli siku zote na kwa kila mtu.

Swali hili limenijia kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Upande wa kwanza ni vijana wetu wa VIWAWA. Jumamosi moja, baada ya sala, niliwakuta wamezunguka simu moja wakibishana kwa sauti juu ya mchezaji kijana wa mpira wa kikapu huko Marekani, aliye katika mwaka wake wa kwanza wa kucheza kwa kulipwa. Kijana huyo ni mlinzi mtupaji, yaani yule ambaye timu humtegemea afunge kwa kutupa mpira kutoka mbali. Kazi hiyo haina maficho, kwa kuwa mpira umeingia au haukuingia, na uwanja mzima umeona. Mmoja alisema kijana ameshindwa, pesa za watu zimepotea. Mwingine alisema apewe muda. Wakanigeukia: "Padre, wewe ulicheza seminari, tuamulie."

Upande wa pili ni Halmashauri Walei. Katika kigango kimoja cha parokia yetu yuko katekista kijana mwenye miezi saba kazini. Alipokea nafasi ya mzee aliyeongoza kigango hicho kwa miaka 31. Malalamiko yamefika mezani, kwamba akiongoza ibada ya Dominika bila padre husoma bila kuinua macho, kwamba katika mazishi fulani alichanganya utaratibu wa sala mbele ya wafiwa, na kwamba watoto wa mafundisho wamepungua. Wapo wazee wanaotaka aondolewe kabla ya Majilio. Wakaniambia kwa heshima, "Baba Paroko, neno la mwisho ni lako." Niseme mapema kwamba nimezungumza na katekista huyo, naye ndiye aliyeniruhusu niyaandike haya, bila kutaja jina wala kigango.

Basi vijana wanataka hukumu juu ya mchezaji, na wazee wanataka hukumu juu ya katekista. Nimeona kwamba ni swali moja. Na kabla sijawajibu wote, napenda niwakumbushe kijana mmoja wetu, Mtanzania, ambaye mwaka wake wa kwanza ulihukumiwa na dunia nzima.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, katika shule ya Makongo. Umri huo ni wa kuchelewa, kwa maana wenzake wa Marekani hushika mpira huo wangali watoto wadogo. Urefu wake, ambao ulifika mita 2.21, ulimfungulia mlango wa kwenda kusoma Marekani, akafika Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alijulikana kwa kuzuia mitupo ya wapinzani. Mwaka 2009 timu ya chuo chake ilifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vya nchi nzima. Tarehe 25 Juni mwaka huo, katika siku ya uteuzi ambayo Wamarekani huiita drafti, timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili kati ya vijana wote. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika NBA kabla yake.

Wakati huo nilikuwa frateri katika seminari kuu, na jioni baada ya kazi za mikono tulikuwa na uwanja wetu wa vumbi wenye vikapu viwili. Nakumbuka furaha yetu. Nakumbuka pia kwamba siku sita tu kabla ya uteuzi huo, tarehe 19 Juni 2009, Baba Mtakatifu Benedikto XVI alikuwa amefungua Mwaka wa Mapadre, kuadhimisha miaka 150 tangu kifo cha Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko. Mwaka huo ulifungwa Juni 2010. Kwa hiyo msimu wa kwanza wa Thabeet uliangukia wote ndani ya mwaka ambao Kanisa lilikuwa likimtafakari Vianney. Nitamrudia Mtakatifu huyo baadaye kidogo.

Sasa tuutazame msimu wenyewe, maana hukumu ya haki huanza na kutazama. Thabeet alicheza michezo 68, wastani wa dakika 13 kwa mchezo. Alifunga wastani wa pointi 3.1, akadaka mipira iliyorudi kutoka kikapuni, yaani ribaundi, wastani wa 3.6, na kuzuia mitupo 1.3. Kwa mtu aliyechaguliwa wa pili, namba hizo zilionekana kuwa aibu. Tarehe 25 Februari 2010 timu yake ilimshusha kwa muda kwenye ligi ya chini, katika timu ya Dakota Wizards. Hadi siku hiyo, hakuna mchezaji aliyechaguliwa katika nafasi ya juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kushushwa huko. Magazeti yakaandika, na wacheshi wakapata la kusema.

Lakini namba, ndugu zangu, ni kama shahidi mahakamani. Husema kweli juu ya lile aliloulizwa, na kunyamaza juu ya lile asiloulizwa. Tumuulize shahidi huyu swali la pili: kijana alizuia mitupo mingapi kwa dakika alizopewa? Mitupo 1.3 katika dakika 13 ni sawa na 3.6 katika dakika 36. Dwight Howard, aliyeongoza ligi nzima kwa kuzuia mitupo msimu huo, alizuia wastani wa 2.8 katika dakika kama 35. Kwa kipimo cha dakika, basi, kijana wa Makongo alizuia zaidi ya bingwa. Tumuulize swali la tatu: kwa nini alipewa dakika chache? Kwanza, kwa sababu alicheza madhambi mengi kwa muda mfupi, na katika NBA mwenye madhambi sita hutoka uwanjani. Pili, kwa sababu mbele yake alisimama Marc Gasol, Mhispania aliyekuwa ndio kwanza katika msimu wake wa pili, naye alikuwa akicheza vizuri sana. Na huyo Gasol, siku ya uteuzi wake mwaka 2007, alichaguliwa wa 48! Wa 48 akamweka benchi wa pili. Mwaka 2013 Gasol alitangazwa kuwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima. Ni nani aliyeiona nyota hiyo asubuhi?

Twende mbele kidogo. Aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2009, mara tu baada ya Thabeet, alikuwa mlinzi mtupaji aitwaye James Harden, aliyekwenda Oklahoma City. Huyu ndiye anayefanana na kijana wa vijana wetu. Katika mwaka wake wa kwanza alicheza michezo 76, na yote 76 aliianzia benchi. Alifunga wastani wa pointi 9.9, na zaidi ya nusu ya mitupo yake haikuingia. Aliyemhukumu kwa mwaka huo angesema: mchezaji wa kawaida, wa kusaidia. Mwaka 2018 Harden alitangazwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Aliyechaguliwa wa nne alikuwa Tyreke Evans wa Sacramento. Huyu nyota yake ilionekana asubuhi kweli kweli. Alifunga wastani wa pointi zaidi ya 20 katika mwaka wa kwanza na kutunukiwa tuzo ya mchezaji mpya bora. Lakini wastani wa msimu huo hakuufikia tena katika maisha yake yote ya NBA. Asubuhi yake ndiyo ilikuwa adhuhuri yake.

Na kama bado tuna shaka, tumkumbuke Kobe Bryant, mlinzi mtupaji maarufu na Mkatoliki mwenzetu, aliyefariki katika ajali ya helikopta Januari 2020. Tarehe 12 Mei 1997, mwishoni mwa msimu wake wa kwanza, akiwa kijana wa miaka 18, alipewa mpira katika dakika za mwisho za mchezo dhidi ya Utah ambao timu yake ilipaswa kushinda ili isitolewe. Alitupa mara nne mitupo ambayo haikugusa hata chuma cha kikapu. Timu yake, Los Angeles Lakers, ikatolewa. Mwenye kutoa hukumu usiku ule alikuwa na ushahidi wote alioutaka. Hata hivyo mtu yule yule alikuja kutwaa ubingwa mara tano.

Mtaniambia: "Basi, Padre, jibu lako ni rahisi. Tusimhukumu yeyote, tungoje tu, kila mtu atachanua kwa wakati wake." Hapana, wapendwa. Hilo lingekuwa jibu tamu lisilo la kweli, na mimi sina ruhusa ya kuwapa utamu usio wa kweli. Thabeet hakuwa Harden. Februari 2011 Memphis ilimwachia akaenda Houston. Baadaye alipita Portland, kisha Oklahoma City kwa misimu miwili. Mwaka 2014 safari yake ya NBA ilifika mwisho, baada ya michezo 224 na wastani wa pointi 2.2. Waliosema mwaka 2010 kwamba hatakuwa nyota wa ligi ile hawakukosea juu ya kazi yake. Muda peke yake haukumfanya kuwa nyota.

Walipokosea ni kwingine, na hapa ndipo ninapotaka tupafikie. Walichukua hukumu juu ya kazi wakaigeuza kuwa hukumu juu ya mtu. Wakampachika jina la chaguo lililopotea, na kila mara Harden na Curry, ambaye naye alichaguliwa mwaka ule ule akiwa wa saba, walipofanya makubwa, jina la Thabeet likatajwa tena ili lichekwe. Lakini Thabeet hakujichagua mwenyewe kuwa wa pili. Wengine ndio waliomchagua, kisha akadaiwa yeye deni la uchaguzi wao. Kijana aliyeshika mpira huo akiwa na miaka 15, na yapata miaka saba baadaye akasimama kati ya wachezaji bora wa dunia, akaitwa aliyeshindwa. Naye hakuacha mchezo, bali baadaye alicheza Japani na Taiwan. Nawaulizeni, wazazi wa Kakonko, Kibondo na Kasulu: mwanao akifika alikofika Thabeet, utamwita aliyeshindwa?

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha kisa kinachofanana sana na haya. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 13, kijana Yohane aitwaye Marko aliondoka pamoja na Paulo na Barnaba katika safari ya kwanza ya kimisionari. Walipofika Perge ya Pamfilia, aliwaacha akarudi Yerusalemu. Mwandishi hatuelezi sababu. Safari ya pili ilipokuja, katika sura ya 15, Barnaba alitaka kumchukua tena, Paulo akakataa, kwa sababu kijana huyo aliwahi kuwaacha kazini. Mitume hao wawili wakabishana kwa ukali hata wakaachana. Paulo alikwenda na Sila, Barnaba akamchukua Marko na kwenda Kipro.

Tafadhali tusimlaumu Paulo haraka. Safari ilikuwa ya hatari, na mtu anayekimbia njiani anaweza kuwaponza wenzake. Hukumu yake juu ya kazi ilikuwa na msingi. Ila haikuwa hukumu ya mwisho, na Paulo mwenyewe hakuifanya iwe ya mwisho. Miaka baadaye, akiwa kifungoni na karibu na mwisho wake, katika sura ya 4 ya waraka wa pili kwa Timotheo, anaagiza aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Na mapokeo ya Kanisa yanatuambia kwamba Marko huyo ndiye aliyetuandikia Injili ya pili. Kati ya Pamfilia na agizo lile kulikuwa na nini? Kulikuwa na Barnaba. Kulikuwa na mtu mmoja aliyekubali kutembea tena na kijana aliyekwisha kushindwa mara moja. Marko hakupewa muda mtupu, bali alipewa muda pamoja na mwenza.

Hapo ndipo tunapokutana na mfano wa Bwana wetu juu ya mtini usiozaa, katika Injili ya Luka, sura ya 13. Mwenye shamba ametafuta matunda miaka mitatu asiyapate, anaamuru mti ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi. Mara nyingi tunauhubiri mfano huu kama mfano wa uvumilivu, na ni kweli, lakini tunaruka mambo mawili. La kwanza, mtunza shamba haombi muda tu. Anaahidi kupalilia kuuzunguka mti na kuutia mbolea. La pili, muda anaouomba una mwisho. Usipozaa baada ya hapo, anakubali ukatwe. Huruma ya mfano huu ina jembe mkononi, na ina kalenda ukutani.

Nyinyi wakulima mnalielewa hili kuliko mimi niliyejifunza katika vitabu. Maharage tunayopanda hapa Kakonko huvunwa baada ya miezi mitatu hivi. Mti wa kahawa wa ndugu zetu wa Buhigwe huanza kutoa matunda baada ya miaka mitatu hivi. Anayekagua shamba la kahawa kwa kalenda ya maharage atang'oa miche mizuri na kujiita mkulima hodari. Na anayekaa miaka kumi chini ya mti usiozaa, bila kupalilia wala kupogoa, akisema "tumwachie Mungu", naye si mvumilivu, ni mvivu.

Kutokana na hayo, ndugu msomaji, napendekeza maswali matatu kwa yeyote anayelazimika kumpima mtu aliyeanza kazi, awe mchezaji, mwalimu, fundi mwanagenzi au mtumishi wa Kanisa.

Kwanza: Alipewa nini? Kabla ya kuhesabu alichotoa, tuhesabu alichopokea. Alipewa dakika ngapi, vifaa gani, mwenza gani? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunapenda kuusema usemi huo kwa kumwambia mgeni afanye kazi, lakini tuusikilize vizuri, maana umetuagiza sisi wenyeji tumpe jembe. Asiyempa mgeni jembe hana haki ya kulalamika kwamba shamba halikulimwa.

Pili: Analinganishwa na nani? Thabeet alilinganishwa na Harden na Curry wa miaka mingi baadaye, wakati kipimo cha haki kilikuwa Thabeet wa Oktoba na Thabeet wa Aprili. Mwanafunzi mpimeni kwa alivyokuwa muhula uliopita. Bibi arusi msimpime kwa mama mkwe aliyepika katika jiko lile kwa miaka thelathini.

Tatu: Hufanya nini baada ya kukosa? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mwaka wa kwanza haupimwi sana kwa idadi ya makosa, maana makosa ni ada ya shule. Unapimwa kwa aina ya makosa. Je, yanarudiwa yale yale, au yanakuja mapya? Mwenye kurudia kosa lile lile mwezi wa saba sawasawa na mwezi wa kwanza anatuambia jambo zito, na tulisikie. Mwenye kukosea mahali papya kila mara, huyo anasonga mbele.

Nimewajibu vijana kwa maswali hayo, nao wakarudi kwenye simu yao na ubishi mpya, lakini ubishi wenye hoja. Sasa nijibu juu ya katekista wetu.

Alipewa nini? Nilipochunguza, nilikuta kwamba alipewa funguo za kanisa la kigango, kitabu cha ibada kilichochakaa kurasa, na pongezi. Hakupewa siku hata moja ya kuongozana na katekista mzoefu katika mazishi, na sala za mazishi haziwezi kujifunzwa kwa kusoma peke yake, kwa sababu pana vilio, pana ukoo wenye taratibu zake, pana jeneza linalosubiri. Amelinganishwa na nani? Na mzee wa miaka 31 ya utumishi, na hakuna hata mmoja wa wanaolalamika anayekumbuka mzee huyo alikuwaje katika mwezi wake wa saba. Hufanya nini baada ya kukosa? Baada ya mazishi yale, alikwenda mwenyewe kwa wafiwa, siku ya tatu, akawaomba radhi, kisha akanakili utaratibu wote kwa mkono katika daftari. Mimi sikumwagiza. Nimeliona daftari hilo.

Kuhusu watoto kupungua, wazee wana haki, na nimemwambia hivyo waziwazi. Watoto walipungua wakati wa mvua na kazi za shamba, lakini hata baada ya hapo hakuwafuata nyumbani. Hilo ni tatizo la kweli, si la kulinganisha. Kumwambia ukweli juu ya kazi yake ni sehemu ya kumheshimu. Anayesifiwa kwa kila kitu ananyimwa nafasi ya kujifunza.

Kwa hiyo uamuzi ni huu, na Halmashauri Walei wameupokea, wengine kwa furaha na wengine kwa utii, na nawashukuru wote. Katekista ataendelea. Mzee wetu mstaafu amekubali kuongozana naye katika mazishi na katika ibada mbili za kila mwezi. Amekuwa Barnaba wetu, na Mungu amlipe. Wazazi wa kila jumuiya ndogondogo watamsindikiza nyumba kwa nyumba kuwatafuta watoto. Parokia itatoa kitabu kipya cha ibada. Na tumeweka siku, yaani Pentekoste ijayo. Siku hiyo tutakaa tena, tutayauliza maswali yale yale matatu. Ikiwa matunda hayataonekana, tutamtafutia utumishi mwingine unaomfaa, kwa heshima, naye amelijua hilo tangu sasa. Akiondoka katika nafasi hiyo, hataondoka katika thamani yake.

Nilisema nitamrudia Mtakatifu Yohane Maria Vianney. Katika masomo ya upadre alishindwa mitihani, Kilatini kilimlemea hata baadhi ya wakubwa wake wakaona hafai. Alipopata daraja ya upadre mwaka 1815, kwa muda hakupewa ruhusa ya kuungamisha. Mwaka 1818 alipelekwa Ars, kijiji kidogo ambacho wengi wasingekitamani. Baadaye watu walimiminika Ars kutoka pande zote za Ufaransa, naye akakaa katika kitubio hadi saa kumi na sita kwa siku, katika kazi ile ile ambayo mwanzoni hakuaminiwa nayo. Waliomwona mdhaifu wa Kilatini hawakusema uongo. Kilatini chake kilikuwa dhaifu kweli. Ila hawakujua kwamba Mungu alikuwa akitafuta kitu kingine. Na hata yeye asingefika popote bila padre mmoja mwenye subira, Padre Balley wa Écully, aliyemfundisha kwa miaka, akamtetea mbele ya wakubwa, akampokea kuwa msaidizi wake.

Ndugu zangu, nyota njema huonekana asubuhi, lakini si nyota zote njema huonekana asubuhi, na si zote zinazoonekana asubuhi hudumu hadi jioni. Kupima kazi tumeruhusiwa, na mara nyingine tumelazimishwa, kwa maana mgonjwa anahitaji muuguzi anayejua kuchoma sindano, na kigango kinahitaji katekista anayejua kuzika. Kupima mtu, yaani kusema huyu ni wa kutupwa, hiyo ni kazi ya Mwingine, naye hana haraka.

Kwa ajili ya tafakari ya juma hili katika jumuiya zetu ndogondogo, naacha swali moja. Ni nani aliyeanza kazi karibu nawe mwaka huu, shuleni, zahanati, nyumbani, kanisani, na wewe umempa jembe gani?

Tuwaombee wote walio katika mwaka wao wa kwanza wa utumishi wowote, na wale wanaolazimika kuwapima. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Nawatakia Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko, Kakonko